Viatu vya Katapila la Gesima

Chuma kilikuwa na joto, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomtatiza Manasseh Ratemo.

Katapila lenyewe lilikuwa limepumzika chini ya kibanda chake cha mabati pale Sironga tangu mchana wa jana yake. Lori lililitoa Gesima, likalishusha, likaenda zake. Injini ilikuwa baridi. Umande ulikuwa umetanda hadi kwenye kiti cha dereva. Lakini Ratemo alipochuchumaa ubavuni na kuweka kiganja juu ya mnyororo ili apime ulivyolika, alikuta vuguvugu, kama paji la mtoto aliyeamka sasa hivi. Akaondoa mkono, akaurudisha. Vuguvugu lilikuwa pale pale.

Ratemo hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Ufundi aliupata kwenye mashamba ya walowezi kule Sotik, na wazungu walipouza mashamba yao na kuondoka, alirudi kwao na sanduku la spana na jina zuri. Mwaka huo wa 1971, milima yote ya Nyamira ilikuwa inachongwa barabara za kupitishia majani ya chai, na mashine iliyoharibika kokote kati ya Keroka na Marani iliishia kwenye kibanda chake. Katapila hili alilijua vizuri. Lilikuwa mali ya Walter Onchiri, mfanyabiashara wa Kisii mjini, aliyelinunua likiwa tayari limezeeka. Dereva wake alikuwa Mogaka, mdogo wake Ratemo wa tumbo moja, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Ratemo tangu wazazi wao walipofariki.

Mnyororo wa katapila huvishwa vibamba vizito vya chuma, na hivyo ndivyo vinavyokanyaga ardhi. Mafundi huviita viatu. Kila kiatu kina ukingo uliosimama kama jino, la kuuma udongo ili mashine isiteleze. Jino likiisha, katapila haliwezi kupanda hata kichuguu. Viatu vya katapila la Onchiri vilikuwa vimeisha meno yote, na hilo Ratemo alilitarajia. Asichokitarajia ni namna vilivyoisha. Chuma kinacholiwa na mawe hubaki na mikwaruzo na makovu. Hivi vilikuwa laini, vimeng'aa, vimebonyea katikati kidogo, kama kizingiti cha mlango uliopitwa na miguu mitupu vizazi na vizazi.

Mogaka alipokuja kumsaidia asubuhi hiyo, Ratemo alimwuliza, "Ulikuwa unalipitisha wapi?"

"Pale pale Gesima, kaka. Kwenye ile barabara ya chini."

"Kuna mawe gani huko?"

Mogaka aliokota spana, akairudisha chini. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye mazoea ya kuimba akifanya kazi, na kimya chake kilimfanya Ratemo ageuke kumtazama.

"Kulikuwa na jiwe moja tu," Mogaka alisema hatimaye. "Jiwe pana, kando ya chemchemi. Kuna bibi mmoja jirani, anaitwa Nyamusi. Alikuja akaniambia, mjukuu wangu, zungusha barabara, usiguse hilo. Akasema kuna kitu hutembea hapo juu yake. Hakiketi, hakilali. Kinazunguka tu. Akasema si ebirecha, mizimu ya wazee wetu, kwamba wazee wetu walikikuta hapo."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwambia Bwana Onchiri. Akacheka. Akaniambia nilivunje, kokoto zake zimwagwe barabarani." Mogaka alifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. "Nililipanda na katapila, kaka. Nikaenda mbele na nyuma juu yake hadi likawa changarawe. Tangu siku hiyo mashine inavutia kushoto. Nikiiachia kidogo tu, inataka kuzunguka."

Ratemo alikuwa Msabato, mzee wa kanisa. Mambo hayo aliyasikia utotoni akayaacha huko. Alimwambia mdogo wake kwamba mashine inayovutia upande mmoja ina ugonjwa wa klachi, akampa nyundo kubwa.

Walifungua viatu vya zamani siku nzima. Boliti zilikuwa zimeota kutu, nyingi ilibidi zikatwe kwa patasi. Katikati ya kila kiatu na mnyororo kulikuwa na tope lililoshindiliwa, na tope hilo, ambalo lilipaswa kuwa limekauka likawa kama tofali, lilitoka bichi, jeusi, linanuka maji ya mahali pasipofikiwa na jua. Kila kiatu kilipoanguka, kibandani palisikika pumzi. Ratemo alijiambia ni hewa inayotoka topeni. Mogaka aliacha kuimba.

Onchiri alileta viatu vingine kutoka Kisumu, vilivyokwisha tumika lakini vyenye meno mazima. Ratemo alivifunga vyote Alhamisi na Ijumaa, akakaza kila boliti kwa mkono wake mwenyewe, akamaliza kabla jua la Ijumaa halijazama na Sabato kuingia.

Kesho yake alikwenda kanisani pamoja na Mogaka. Mkewe, Drusilla, alibaki nyumbani kwa sababu ya mafua. Binti yao wa pekee, Bonareri, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa tupu. Waliporudi adhuhuri walimkuta Drusilla amekaa jikoni, mlango ameuzuia kwa kinu, na moto umezimika.

"Baba Bonareri," alisema kwa sauti ya chini, "nani alikuwa akiendesha katapila?"

"Leo Sabato. Nani aendeshe?"

"Nimelisikia."

Alieleza taratibu, akikatiza kila mara ili asikilize. Ukungu ulishuka baada ya wao kuondoka, ukungu mzito wa kawaida wa huko, akasikia mnyororo ukitambaa uani. Injini haikunguruma. Ni chuma peke yake, kwa-rra, kwa-rra, polepole, kama mtu mzee anayeburuta ndara, na kilianzia upande wa kibanda kikapita nyuma ya jiko, kikapita chini ya dirisha la chumba, kikapita mbele ya mlango na kurudi kilikotoka, kisha kikaanza tena, na kila kilipopita mlangoni harufu ya tope ilipenya chini ya ubao, na yeye akawa anahesabu mapigo ya moyo wake akingoja kiache kupita na kiamue kusimama.

Ratemo alitoka. Katapila lilikuwa mahali pake. Hapakuwa na alama ya mnyororo popote uani, na katapila haliwezi kupita juu ya udongo wenye mvua bila kuuchana. Lakini majani yaliyoizunguka nyumba yalikuwa yamelala, mstari mmoja mwembamba, upana wa mguu wa mtu. Alikwenda kibandani akachuchumaa. Viatu alivyovifunga jana vilikuwa vimelika hadi vimekuwa laini, vimebonyea katikati, vinang'aa.

Alikaa pale chini muda mrefu, kiganja juu ya chuma chenye joto, akitafuta sababu ya kifundi. Hakuipata.

*

Angeweza kukataa kazi ile. Baadaye alijirudia hilo mara nyingi sana. Lakini Onchiri alikuwa na barabara ya kumaliza kabla ya mvua kubwa, na alisema viatu vile vilikuwa vibovu tangu dukani, akaleta vingine, safari hii vipya kabisa, vingali na rangi ya kiwandani. Ratemo akavifunga. Mogaka akapanda kwenye lori pamoja na mashine, akarudi Gesima.

Na viatu hivyo havikulika. Wiki zilipita, katapila likichonga mwamba, na kila dereva wa lori aliyepita Sironga alileta habari njema. Onchiri mwenyewe alisimamisha gari lake mbele ya kibanda ili amsifu. Alisema amepata fundi wa kweli, kwamba mashine inafanya kazi kama ilitoka kiwandani jana. Ratemo alishukuru. Usiku huo aliomba sala ya shukrani, Drusilla akaitikia amina bila kufumbua macho.

Mogaka alirudi nyumbani Ijumaa moja jioni akichechemea.

"Buti zinanibana," alisema. "Nyayo zinawaka moto."

Drusilla alimletea maji ya vuguvugu kwenye beseni. Mogaka alivua buti za mpira, akavua soksi, na Drusilla, aliyekuwa ameinama tayari kumwoshea, akasimama tena wima.

Nyayo za mtu zina mistari. Zina magaga, zina visigino vigumu, hasa nyayo za mtu aliyekulia shambani bila viatu. Nyayo za Mogaka hazikuwa na kitu. Zilikuwa laini kama sehemu ya ndani ya shavu, zimebonyea katikati, zinang'aa kwenye mwanga wa taa ya chemni, na ngozi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba Ratemo aliona mishipa ikipita chini yake kama mizizi chini ya maji.

 Jumapili Ratemo alipanda lori la majani ya chai hadi Gesima, akatembea hadi barabara ya chini, akaliangalia katapila. Meno ya viatu yalikuwa makali. Rangi ya kiwandani ilikuwa ingalipo hadi kwenye ncha, haijachubuka hata chembe, na pembeni yake mlima wa mawe uliokatwa na meno hayo hayo. 

Alipogeuka aondoke, bibi kizee alikuwa amesimama juu ya ukingo wa barabara, amejifunga shuka, fimbo mkononi.

"Wewe ndiye mwenye kufunga vyuma," alisema kwa Kigusii.

"Ndiye mimi, magokoro," Ratemo alijibu, akimwita bibi kwa heshima.

"Nilimwambia kijana." Nyamusi hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mwenye uchovu tu. "Ile ilikuwa haisumbui mtu. Tulikuwa tunachota maji mchana, jioni tunaiachia chemchemi. Ilikuwa na jiwe lake."

"Sasa iko wapi?"

Bibi alielekeza fimbo kwenye katapila, halafu, kama mtu anayesahihisha kosa, akaielekeza mbali, kule Sironga.

*

Mogaka hakurudi kazini. Onchiri aliweka dereva mwingine, mtu mzima mwenye uzoefu aliyeitwa Ombui, na Ratemo akadhani kwamba mdogo wake sasa atapona. Walimpeleka hospitalini. Daktari alizigeuza nyayo zile huku na huku, akauliza kama kijana amekanyaga asidi, akatoa dawa ya kupaka. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, wakaimba, wakaomba, wakaenda. Ngozi iliota. Kila alfajiri ilikuwa imeota, changa na nyekundu, na kila asubuhi, saa ambazo injini huwashwa kule Gesima, Mogaka aliyekuwa amelala kitandani alianza kuinua miguu.

Aliinua mmoja, akaushusha. Akainua wa pili. Aliishika kwa mikono yake miwili, akaibana, nayo ikaendelea. Drusilla alimfunga na shuka, nayo ikatembea ndani ya shuka, hadi shuka ikalowa wekundu. Siku za mvua kubwa, ambapo mashine hazifanyi kazi, alilala kama mtoto. Ratemo aliliona hilo haraka kuliko alivyotaka.

Alikwenda Kisii mjini, dukani kwa Onchiri, akamwomba alisimamishe katapila.

"Nilisimamishe kwa sababu ndugu yako ana ugonjwa wa ngozi?" Onchiri aliuliza. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na duka lilikuwa na wateja. "Ratemo, wewe ni mtu wa kanisa. Watu wakisikia utasema nini?"

Ratemo alirudi nyumbani. Lakini hakuhitaji kurudi kuomba tena, maana siku chache baadaye Ombui aliliacha katapila mwenyewe. Alipita Sironga kwa miguu, kofia mkononi, akakataa hata uji. Alisema alikuwa anachonga kwenye mteremko, mikono yote miwili kwenye vyuma vya kuendeshea, mashine ikageuka kushoto ikaenda hadi chemchemi ikaanza kuzunguka, na alipozima injini iliendelea, injini imekufa, hakuna sauti ila mnyororo, na akakaa juu yake akizungushwa bila kuthubutu kuruka kwa sababu kwenye majani chini aliona, mbele ya mnyororo, majani yakilala yenyewe hatua kwa hatua, kama kuna mtu anayeongoza njia. Iliposimama, alishuka. Hakurudi nyuma kuchukua koti.

Hakuna dereva aliyekubali kulipanda tena. Katapila lilibaki kando ya chemchemi. Ratemo na Drusilla walikaa ubavuni mwa kitanda wakingoja asubuhi. Injini isiyowashwa haiwezi kumtembeza mtu, Ratemo alikuwa akijiambia. Jua likachomoza. Mogaka alikuwa amelala kwa utulivu, na Drusilla akaanza kutabasamu, akashika mkono wa mumewe.

Kisha miguu ikainuka. Na tangu siku hiyo haikungoja asubuhi wala kuhofia mvua.

*

Drusilla ndiye aliyesema neno ambalo Ratemo hakuweza kulisema. "Kuna mzee wa Kinubi kule mjini. Watu humwita Mzee Surur. Wanasema anajua kuzungumza na vitu kama hivi."

"Kanisa litanitoa."

"Litutoe," Drusilla alisema.

Mzee Surur alikuja alasiri ya mvua, mtu mfupi mwenye kanzu iliyofuliwa hadi ikafifia, chetezo kwenye kikapu. Hakuuliza mengi. Alitazama nyayo, akanusa hewa ya chumba, akafunga dirisha. Ubani ulipoanza kufuka, miguu ya Mogaka ilipunguza mwendo. Mzee alisoma kwa sauti ya chini, mvua ikigonga mabati, na Ratemo akasimama mlangoni, mgongo ukutani, akijihisi mgeni nyumbani kwake.

Mogaka alifumbua macho. Alizungumza, na sauti ilikuwa yake lakini haikuwa na pumzi ndani yake, kama maneno yanayosemwa na mtu ambaye hajawahi kuhitaji hewa.

"Nilikuwa na jiwe," ilisema. "Halikunichosha. Mkalivunja."

"Rudi kwako," Mzee Surur alisema. "Kijana huyu hana jiwe."

"Jiwe liko barabarani, chini ya magurudumu. Je, mtalikusanya?"

 Ratemo aliifikiria barabara ile yote, kokoto zilizomwagwa na kushindiliwa kutoka mtoni hadi soko la juu, malori ya chai yakipita juu yake kila siku.

"Mlinipa chuma," ilisema. "Nikatembea, chuma kikaisha. Mkanipa kingine, kikaisha. Huyu haishi. Huyu huota tena."

Baadaye, mzee alipokuwa akikunja pindo la kanzu yake ili aondoke, alisema inastaajabisha jinsi kitu kile kilivyojua Kinubi kizuri. Drusilla akamkazia macho. Alisema kilizungumza Kigusii, cha zamani, kama cha nyanyake. Ratemo alikuwa amekisikia kwa Kiswahili. 

"Ninajua njia moja tu," Mzee Surur alisema. "Vile vyuma ndivyo vilivyokiunganisha na kijana. Aliyevifunga avifungue, kwa mkono wake, avilaze kwenye chemchemi. Kikose chuma, kikose njia ya kufika hapa." Alisita. "Sikuahidi kitu, Bwana Ratemo. Nimetoa pepo wengi. Huyu hakuniogopa."

Hakukubali kula, hakukubali kupokea chochote. Aliondoka mvua ingali inanyesha.

Ratemo alifika Gesima kesho yake kulipokuwa kunapambazuka, sanduku la spana begani. Alianza na mnyororo wa kushoto. Alikuwa amejiandaa kwa patasi na nyundo, lakini boliti ya kwanza ililegea kwa spana, bila kutumia nguvu, na ya pili vivyo hivyo. Kiatu cha kwanza kilitoka kikaanguka majanini bila kishindo. Chini yake hapakuwa na tope. Palikuwa safi, peupe kidogo, pana unyevu. Akakibeba akakilaza majini, akarudi kwa kingine.

Tumaini ni kitu kinachompa mtu nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya kibandani, mikono yake ilifanya kazi bila kusita, na kadiri viatu vilivyozidi kutoka ndivyo alivyozidi kuharakisha, jasho likimwingia machoni, akimwona Mogaka kwa mawazo akiamka, akivaa shati, akitembea hadi jikoni kuomba chai. Alipokilaza kiatu cha mwisho cha upande ule, Nyamusi alikuwa amesimama ukingoni.

"Nani analia?" bibi aliuliza.

Ratemo alisikiliza. Hakusikia kitu ila maji.

"Amelia tangu ulipoanza," Nyamusi alisema. "Kila ukitoa kimoja. Nilidhani unamsikia. Si ni yule kijana aliyekuwa akiendesha?"

Spana ilimtoka mkononi. Hakuiokota. Alikimbia hadi barabara ya juu, akasimamisha gari la kwanza, na njia nzima akamhimiza dereva aongeze mwendo.

Drusilla alikuwa amekaa nje kwenye ngazi, mikono imelowa maji hadi viwiko, anaitazama tu. Alimwona mumewe akija na hakuinuka.

"Ilianza na kidole," alisema. "Nikadhani ninaota. Kikatoka kwenye shuka kama tunda lililoiva. Hakuna damu, baba Bonareri. Kisha kingine. Nilikuwa nalia, naomba uache, popote ulipo. Kisha mguu wote, hadi kwenye kifundo."

"Upi?"

"Wa kushoto."

*

Hospitalini walisema ni ajali, na Ratemo akakubali kwamba ni ajali. Kidonda kilipona upesi, bila usaha. Onchiri alikuja mara moja, akasimama mlangoni kofia mkononi, akatazama blanketi lilivyokuwa likiinuka na kushuka upande mmoja, akaondoka bila kuketi. Hakuwahi kuuliza tena habari za katapila. Mzee Surur, alipofuatwa, alilia, akasema hana njia ya pili. Kanisa halikumfukuza Ratemo. Waumini waliacha tu kupitia njia ya mbele ya nyumba yake.

Mguu wa kulia uliendelea kutembea. Ngozi iliota, ikaisha, ikaota. Drusilla alipaka mafuta asubuhi na jioni. Mogaka, aliyekuwa ameingia kitandani kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa sasa na uso wa mtu aliyetoka safari isiyo na mwisho, na macho yake hayakumtazama mtu ila yalitazama mbele, kama ya msafiri anayeangalia njia.

"Kaka," alisema jioni moja, "nenda ukafungue upande uliobaki."

"Usiseme hivyo."

"Utoke, uishe. Mguu ni nini? Nimechoka. Sijawahi kuketi chini tangu mwaka jana. Unaniona nimelala, lakini mimi natembea. Nazunguka. Niko pale, kaka, kwenye maji, kuna baridi, na mbele yangu kuna kitu ambacho sioni uso wake."

Ratemo alisema atakwenda kesho. Kesho ilipofika alisema kesho. Aliendelea kusema hivyo hadi mvua ndefu zikaisha, kwa kuwa hakuna mtu anayeamka asubuhi akaoga, akanywa chai, akaenda kumkata ndugu yake mguu. Lakini Mogaka hakuacha kuomba, na sauti yake ilizidi kuwa ndogo, na siku moja Ratemo akanunua spana nyingine akaenda.

Katapila lilikuwa limezama kidogo kwenye tope. Magugu yaliota kwenye kiti. Alipita upande wa kulia, akapiga magoti, akafuta majani kwenye mnyororo, akatafuta boliti.

Hazikuwapo. Alidhani ni matope, akafuta kwa shati lake. Hapakuwa na boliti, wala nati, wala hata ule mstari unaoonyesha kiatu kinapoishia na mnyororo unapoanzia. Chuma kilikuwa kimefunga. Kilikuwa kimeungana juu hadi chini, laini, kama kidonda kilichopona vizuri. Aliweka patasi, akapiga nyundo kwa nguvu zake zote, na patasi ikateleza bila kuacha alama. Akapiga tena. Aliendelea kupiga hadi mkono ukafa ganzi, kisha akakaa kwenye majani na kushikilia kichwa chake. Mafundi wana jambo wanaloliogopa kuliko boliti iliyoota kutu, nalo ni kazi isiyo na mahali pa kushika.

Alifika nyumbani jua likizama. Drusilla alimwona uso, akageukia jikoni. Ratemo aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mdogo wake mkono.

"Umefungua?" Mogaka aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo mno, ilibidi Ratemo ainame.

"Nimefungua. Vyote. Nimevilaza majini."

Mogaka alifumba macho. Uso wake ulilegea taratibu, na kwa kitambo alikuwa tena yule kijana aliyekuwa akiimba kibandani.

"Nilijua," alisema. "Nimehisi. Asante, kaka. Sasa nimesimama."

Ratemo alimkaza mkono, akayaelekeza macho yake ukutani ili asiuone upande wa chini wa blanketi, ambao uliinuka, ukashuka, ukainuka, ukashuka, bila haraka, kama wa mtu ambaye bado ana mbali pa kwenda.